Mwanga wa Jiwe la Kangeta

Koome alipopata kazi ya ufundi wa maabara Nairobi, Kangeta nzima ilianza kumwita msomi, naye hakukataa. Kazi yenyewe ilikuwa kuhudumia mashine inayopiga mawe kwa elektroni, si mfululizo bali kwa mapigo mafupi kuliko kupepesa jicho. Jiwe likipigwa hujibu kwa mwanga. Lingine huzima pigo linapokoma, lingine hubaki likiwaka kidogo. Rangi peke yake haitoshi. Lazima upime mwanga unachukua muda gani kufifia. Koome alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aibu yake haikupata pa kujificha.

Mwaka 1994 baba yake, mzee Thuranira, alikuwa akichimba choo shambani akapata jiwe la rangi ya waridi. Koome akalipeleka kazini. Pigo moja tu, likawaka jekundu. Hakungoja kupima kufifia. Ijumaa hiyo hiyo alikuwa nyumbani.

"Baba, hii ni rubi."

"Uko sure?"

"Mashine haidanganyi."

Kweli haikudanganya. Ilisema jekundu tu. Rubi ilitoka kinywani mwa Koome.

Shimo lilikuwa kando ya mbaine, miti mikongwe ya miraa iliyopandwa na babu, ambayo mtu huchuma matawi lakini hathubutu kukata shina. Mzee aliizunguka asubuhi nzima akipapasa magome. Kisha akaing'oa yote saba ili achimbe, kwa kuwa mwanawe alikuwa amesema.

Wiki mbili baadaye Koome alikumbuka kupima. Mwanga ulikawia mno, rubi haikawii hivyo. Akachukua kisu cha kumenyea viazi, akakwaruza. Jiwe likatoa unga mweupe, ilhali rubi haikwaruziki kwa kisu. Lilikuwa kalsaiti, ndugu ya chokaa, na kisu kama hicho kilikuwa jikoni kwa mama yake siku zote. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Alipomwambia baba yake, mzee alisema tu, "Basi fukia shimo." Koome alifukia wiki nzima, majirani wakipita na kumsalimu kwa upole uliomuumiza kuliko matusi.

Mwaka uliofuata alitaka kumwoa Makandi wa Muthara. Huko hakuna mzee anayekusikiliza bila ncooro, kitita cha miraa kinachofungua maneno ya uchumba. Thuranira akaenda kuomba miraa kwa jirani yake Mbae, Koome akimfuata nyuma.

Walipofika Muthara, baba yake Makandi alikifungua kitita, akatafuna polepole.

"Hii ni poa sana, mzee. Ni ya mbaine yenu?"

Thuranira, ambaye hata sokoni huwaonyesha wanunuzi vitita vibovu kwa mkono wake mwenyewe, alitazama chini.

"Ndiyo," akasema. "Ilipandwa na babu yake huyu."

Koome akainamisha kichwa. Makandi, aliyesimama mlangoni, alidhani ni adabu.