Mektrida Aanikwa Juani

Mwaka wa sabini na tisa, Mektrida wa Uru alikuwa amelichoka jua kuliko alivyouchoka ugonjwa wenyewe. Huu ulikuwa mwaka wa tatu figo zake zikidhoofika, na sasa nyonga zilimuuma hata akashindwa kuinama kumkatia ng'ombe majani. Mganga wa zahanati akamwambia, "Mama, umepungukiwa vitamini D. Uote jua."

Kuota jua Uru, huko mlimani, mwezi wa sita, katikati ya migomba na ukungu! Mumewe, Primus, hakutaka kusikia hoja. Kila asubuhi alibeba kigoda hadi kando ya barabara, pasipo na kivuli, akamketisha hapo. Ukungu ulipoondoka, Mektrida alikaa hadi saa nane, na kila mpita njia alisimama.

"Shikamoo mama. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Simsubiri mtu. Nimeanikwa kama kahawa."

Baada ya wiki mbili akawa anaitikia salamu tu, mengine anayaacha yapite.

Miezi minne ilipita, mifupa ikazidi kuuma. Primus akasema labda anakaa vibaya, ageuze mgongo. Hapo Mektrida akajibebea kigoda hadi nyumbani, akichechemea, na kesho yake akateremka Moshi hospitalini.

Daktari Antoni alimpima damu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Jua huanzisha kazi tu, mama. Hiyo vitamini figo ndizo huikamilisha, ndipo mifupa inufaike. Zako hazina tena nguvu hiyo. Ungekaa pale hadi Krismasi."

"Miezi minne nimebabuka uso, na hakuna aliyenieleza?"

"Wengi hatukulijua hilo. Hata mimi nimelisoma juzijuzi."

Ilikuwepo dawa isiyohitaji figo kuikamilisha, lakini si hapa nchini. Siku zile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mektrida akamwandikia Sista Redempta, binti wa kaka yake, aliyekuwa akisomea uuguzi Ujerumani. Kifurushi kilichukua miezi mitano kufika. Daktari akampa dozi ndogo na kumpima damu kila mara, dawa isije ikamzidi.

Figo hazikupona, na daktari hakumficha hilo. Ila msimu wa kahawa uliofuata Mektrida aliinama tena bila kukaza meno kwa maumivu. Primus alipomwona bondeni na mundu, akaja mbio kumpokea ile kazi.

"Niachie," akasema Mektrida, akaendelea kukata majani.