Mchicha wa Sebuleni

Mwaka nilioteleza kwenye daraja la miti na kuvunjika mguu, mvua za masika zilikuwa zimekolea, na njia zote za kijijini kwetu Nyabiyonza zilikuwa utelezi mtupu. Hospitali ya Nyakahanga walinifunga plasta mpaka juu ya goti, wakanipa magongo, wakaniambia nitulie. Mume wangu akanirudisha nyumbani, akaniketisha sebuleni kama mgeni wa heshima, kisha akaingia jikoni.

Alipika ndizi na maharage. Kesho yake ndizi na maharage. Namshukuru mpaka leo, lakini mimi ni mtu wa mboga za majani. Bustani yangu ilikuwa bondeni, karibu na kijito, na yeye na kahawa zake hakuwa na nafasi ya kushuka huko.

"Baba," nikamwambia, "mwisho nitasahau hata ladha ya mchicha."

Jioni aliingia na madumu matupu ya mafuta aliyoyakata ubavuni, akayajaza udongo na samadi, akayapanga chini ya dirisha na kunyunyiza mbegu.

"Haya, bustani imekufuata," akasema.

Mbegu ziliota upesi, nikafurahi. Lakini nyumba yetu imezungukwa na migomba mpaka karibu na ukuta. Siku ya mvua, mchana wa sebuleni hauna tofauti na magharibi. Miche ikarefuka, ikawa myembamba, imepauka, yote imelalia upande wa dirisha.

"Hii ni mboga au uzi wa kushonea?" nikauliza.

"Ina njaa," akasema, akaongeza samadi. Ikazidi kulala.

Mimi kwa kukosa kazi nilikuwa nasuka mikeka, na ili nione vizuri nilikuwa nawasha tangu asubuhi taa iliyoning'inia juu ya kiti changu. Dumu moja lilikuwa limekosa nafasi dirishani, likawekwa kwenye stuli kando yangu. Kusema kweli nilikuwa naliegemezea kiwiko. Siku moja, nikitafuta ukindu ulioanguka, nikalitazama vizuri. Mchicha wake ulikuwa mfupi, shina nene, majani mapana ya kijani kilichoiva. Mbegu zilezile, samadi ileile.

Nilimwita mume wangu kwa sauti, akaja mbio akidhani nimeanguka tena.

"Ni taa!" nikamwambia. "Angalia!"

Akachuchumaa. Akatazama dumu la stuli, akageuka kutazama ya dirishani, akarudi kwenye la stuli. "Taa itashindana na jua, mama?"

"Haishindani. Inaongezea pale ambapo jua halifiki."

Ijumaa alikwenda mjini Kayanga, akarudi na taa ndefu nyeupe zisizotoa joto kali, na nyingine moja yenye mwanga mwekundu na wa buluu ambayo muuzaji alimwambia ni ya mimea hasa. Akazifunga kwa kamba kwenye kenchi za paa, tukapanda upya, safari hii mchicha, chainizi na sukuma wiki. Mwanzoni alizishusha mno, kingo za majani zikajikunja na kukauka. Akazipandisha kidogo, yakanyooka. Alitaka ziwake usiku kucha pia. Nikakataa. Nilimwambia hata mboga inahitaji kulala, ingawa wakati huo nilikuwa najitetea mwenyewe, nipate usingizi.

Sebule ile ikawa raha. Nje mvua na ukungu, ndani majani yanatanuka mbele ya macho yangu. Nilianza kuchuma nikiwa nimekaa kitini, sufuria mapajani.

Jioni moja ya mvua mlango ukagongwa. Wanaume wawili, wageni kabisa kwetu, wameloa chapachapa.

"Hodi, mama, shikamoo."

"Marahaba. Karibuni."

Wakaingia, wakafuta miguu, wakaketi kwenye kochi bila wasiwasi wowote. Mmoja akasugua mikono. "Tuletee bia mbili, mama. Hata kama si za baridi."

Sikuelewa. Mume wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi, naye hakuelewa. Ndipo yule wa pili alipoinua macho, akaona ile taa nyekundu na buluu, akashusha macho, akaona sukuma wiki imejipanga chini yake kama wateja.

"Samahani," akasema polepole. "Tuliona dirisha lina rangi tangu barabarani. Tukasema, hatimaye huku nako wamefungua baa."

Nilicheka mpaka plasta ikanibana. Mume wangu alicheka akaegemea ukuta. Wale jamaa wakataka kuondoka kwa aibu. Tukawazuia mpaka mvua ipungue, wakala ndizi na chainizi iliyokatwa muda uleule. Mmoja akaomba kuongezewa.

Habari ikaenea. Majirani wakawa wanapita kusalimia "baa", na kila aliyeingia alitoka na fungu la majani.

Plasta ilipofunguliwa, nilirudi bondeni kwangu taratibu, nikalima kwenye jua kama zamani. Nilidhani madumu yangetupwa. Hayakutupwa. Mume wangu, mtu wa kahawa ambaye hakuwahi kumwagilia mboga maishani mwake, ndiye mwenye nayo sasa. Asubuhi, kabla hajanywa chai, namsikia sebuleni akiwasha taa na kuyaamkia majani yake kwa Kinyambo, moja baada ya jingine, na ole wangu nichume bila kumuuliza.