Fimbo ya Babu kwenye Mchanga wa Ibra

Mama yangu ana miaka themanini na moja, na tangu mwaka jana alikuwa na ombi moja tu: fimbo ya gofu ya marehemu baba yake irudi Tanga kabla yeye hajafumba macho. Fimbo hiyo aliondoka nayo mdogo wake, Mjomba Seif, alipohamia Oman zaidi ya miaka arobaini iliyopita, akaitundika katika garaji yake kule Firq, kando ya Nizwa. Mama alipompigia simu, mjomba alimjibu, "Dada, hicho ndicho kitu pekee cha baba nilicho nacho. Sikitumi kwa posta. Mwanao si mwalimu wa gofu? Basi na aje aishinde." Mwanawe huyo ni mimi, Hamza. Nimefundisha gofu miaka ishirini na tano, na mjomba ana sabini na sita na magoti mabovu, kwa hiyo nilifunga mizigo nikiwa na uhakika usio na adabu.

Alhamisi asubuhi, Maskati. Aliyekuja kunipokea ni Raya, mjukuu wa mjomba, mhandisi wa maji aliyezaliwa Nizwa. Alinitambua kwa mfuko wa fimbo.

"Shikamoo, Ammi."

"Marahaba, mwanangu. Umenisubiri sana?"

"La, kidogo tu. Begi hii yote ni fimbo? Wallah, Babu atacheka! Yeye anacheza na fimbo nne tu."

Tulishika barabara ya bara, na kwa nusu saa nzima nikabaki nimeegemea dirisha. Mimi ni mtu wa minazi na mkonge. Sikujua kwamba mlima unaweza kusimama bila hata jani moja, rangi ya chuma kilichoungua, na bado mtu akatamani kuutazama mpaka shingo ikamuuma. Halafu, bila taarifa, milima ikafunguka, na chini yake kukawa na bonde la Samail, mitende tupu, kijani mpaka machoni kunauma. Nilimwomba Raya asimamishe gari. Alinishangaa, maana yeye hapo hupita kila wiki akienda kazini.

Adhuhuri, Firq. Mtaa ni wa magaraji, kelele za nyundo na harufu ya rangi. Mjomba alitoka chini ya gari, kanzu kaikunja kiunoni, akaniangalia juu mpaka chini. "Umenenepa," akasema, kisha akanikumbatia kwa nguvu nikakosa pumzi. Tulikula halwa, tukanywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, ndipo akanionyesha ukutani. Fimbo ilikuwa imelala juu ya misumari miwili, katikati ya mikanda ya injini. Mpini wake ni wa mti, si chuma, mweusi kwa jasho la mikono ya watu waliokwisha kufa.

Babu yetu alikuwa seremala wa kutengeneza fimbo katika uwanja wa gofu wa Tanga, zama za Mwingereza. Aliyemwachia fimbo ile alikuwa mwalimu wa gofu, Mwingereza, mzee tayari, ambaye ujanani alicheza ubingwa wa wachezaji wa kulipwa kwao, mwanzoni mwa karne iliyopita. Hadithi hiyo niliwahi kuisikia kwa mama vipande vipande, lakini mjomba aliisimulia kana kwamba alikuwapo.

"Watu wale walikuwa mafundi, Hamza. Mafundi kama baba. Wanacheza mbele ya watu maelfu, lakini mlango wa mbele wa klabu hawapiti. Koti wanavulia kibandani, mkate wanakula wamesimama. Raundi mbili kwa siku, upepo, mvua. Mpira ukilala vibaya, upige ulipolala. Na hakuna refa wa kumfuata kila mtu. Wewe unashika kadi ya mwenzio, mwenzio anashika yako. Baba akinambia, huyu bwana aliyeniachia fimbo hakushinda hata siku moja. Lakini kila alichoandika kilikuwa kweli."

Nilisisimka, siwezi kuficha. Miaka yote nimefundisha namna ya kukunja mkono na kugeuza kiuno, na sikuwahi kuwafikiria watu wale wakila mkate wao nje.

"Basi kesho kutwa tutacheza kama wao," akasema. "Kila mtu na fimbo zake, ila kanuni ni zao. Skoo yangu unaandika wewe, yako naandika mimi."

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tuliondoka Firq watu watatu, tukapitia Sinaw na kufika Ibra jua likiwa chini bado. Uwanja uko nje ya mji, na mgeni anaweza kuukanyaga wote asijue kwamba ni uwanja. Nyasi hakuna. Ni tambarare ya changarawe na mchanga, migunga michache, mbuzi, na mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha njia. Kwenye kila shimo kuna duara la mchanga uliochanganywa na mafuta, wenyeji huliita brauni. Kandoni limelala bomba refu lenye mpini. Desturi yao ya kila Jumamosi ni kwamba mtu, kabla ya kusukuma mpira wake shimoni, huburuta bomba hilo mara moja, ausawazishe mchanga, apate njia nyoofu.

"Leo marufuku," mjomba akanikumbusha, kidole juu. "Leo bomba ni baada ya wote kumaliza. Anayelaza njia yake kabla anaongezewa mikwaju miwili."

Mashimo ni tisa, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Tungeyazunguka mara mbili tu kwa ajili ya magoti yake. Raundi ya kwanza nilifunzwa adabu. Mpira wangu ulikuwa ukizama, ukiruka kwenye jiwe, ukienda kusalimia mbuzi. Mjomba alipiga chinichini, mpira ukitambaa juu ya changarawe na kusimama alipotaka, naye akicheka peke yake. Nilisahau kwamba nashindana. Mzee wa garaji aliusoma mchanga ule jiwe kwa jiwe, na mimi mwalimu nikawa nyuma yake nikishangaa. Alinishinda kwa mikwaju miwili.

Baada ya sala ya adhuhuri na wali wa samaki aliotuletea Raya, raundi ya pili nilizinduka. Tulipofika shimo la nane alikuwa akiongoza kwa mkwaju mmoja tu, na nikauona uso wa mama. Hapo mpira wangu ukaingia nyuma ya mgunga. Raya alikuwa mbali garini akitafuta maji. Nilipoupata mpira na kuinua kichwa, nilimwona mjomba peke yake kwenye brauni. Alishika bomba, akaliburuta mara moja, akaliweka, akapiga. Mpira ukaingia.

Hakuwa akiiba. Mkono ulifanya kazi ya miaka thelathini bila kumwuliza mwenyewe, na usoni hakuwa na habari. Kadi yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nikajiambia huyu ni mjomba wangu, mtu mzima, nitamwambiaje jambo la aibu kama hilo? Nikaandika nne.

La nane nami nilimaliza kwa nne, na la tisa tulitoka sare. Akawa amenishinda kwa mkwaju mmoja. Raya alipiga vigelegele, mjomba akanipa mkono, kisha akainama kuchukua bomba asawazishe brauni kama kanuni ilivyotaka. Akasimama nalo, akiliangalia.

"Hamza. Kule namba nane, bomba hili nililishika?"

Nikaigusa kadi yake mfukoni.

"Uliniona?"

"Nilikuona, mjomba."

"Ukaandika ngapi?"

"Nne."

Akanigeukia. "Mimi nilisahau. Wewe hukusahau. Umeniona ukanisitiri kama mzee aliyejikojolea! Hiyo ndiyo heshima? Kadi yangu nilikupa wewe, sikumpa mtu baki. Andika sita."

"Babu," Raya akasema polepole, "lakini ukiandika sita, Ammi ndiye kashinda."

"Hesabu naijua, binti yangu."

Niliandika sita. Kisha nikafanya kosa la pili. "Mjomba, fimbo na ibaki kwako. Mimi nitasema na mama."

"Usinihurumie," akasema, sasa bila hasira. "Nimeshindwa. Hilo ni langu, usinipokonye."

Jumapili asubuhi aliishusha fimbo ukutani mwenyewe, akaiviringisha ndani ya kilemba chake cha zamani na kuifunga kwa kamba. Misumari miwili ilibaki ukutani, naye hakuitazama. Raya alinirudisha Maskati kwa njia ile ile. Milima ilikuwa pale pale, lakini safari hii nilimfikiria zaidi mtu mmoja aliyejishtaki katikati ya jangwa, pasipo na shahidi ila mpwa aliyekwisha kuamua kunyamaza. Nililelewa nikiamini kwamba mkubwa husitiriwa. Ibra nimejifunza kwamba ukimnyima mkubwa ukweli, umekwisha kumtoa uwanjani.

Jumanne, Tanga. Mama alikuwa barazani. Nilimwekea fimbo mapajani, akafungua kamba kwa vidole vyake vilivyopinda, akaupapasa mpini wa baba yake kutoka juu hadi chini, akalia bila sauti. Kisha akauliza, "Ulimshinda?"

Ningeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo. Nilimweleza yote: bomba, kadi, na ile nne niliyoiandika huku nikijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba simu.

"Seif," akasema, "imefika. Na amenisimulia, hata kosa lake mwenyewe amelisema."

Mama aliisogeza simu tuisikie wote. Halafu nikaisikia sauti ya mjomba, mbali na nyembamba.

"Basi sasa kashinda. Mpe aishike."