Kuuziba Mlango wa Wanawake

Nyumba yangu ya mtaa wa Ansab, huku ughaibuni, ina mlango wa pembeni wa wanawake, wageni wa kike wasipite kwa wanaume. Mke wangu alipotangulia mbele ya haki, niliona hauna kazi tena, nikaenda manispaa kuomba kibali cha kuuziba.

Mwanamke wa dirishani, wa asili ya Unguja kama mimi, aliitazama ramani ya nyumba niliyompa, kisha akanitazama tumbo.

"Ami, wake wa majirani wakikuletea chakula wanapita wapi?"

"Mlango huohuo."

"Na wewe unajua kupika?"

"Yai. Nalo huungua."

Akanisukumia ramani kwa kidole kimoja. "Kasali istikhara kwanza, ami, umwombe Mungu akuoneshe la kheri."

Kila alfajiri namwomba Mungu asiniache peke yangu. Kumbe jibu lake huja kila adhuhuri, limefunikwa kawa, nami nilifuata kibali cha kulizibia njia.