Maman Eulalie asomewa daftari lake

Kwa miaka ishirini, mwalimu mstaafu Papa Zihindula amekuwa akikusanya historia ya mitaa ya Bukavu. Katika maktaba ndogo aliyoianzisha mtaani, haweki daftari rafuni mpaka aliyesimulia asomewe na kukubali.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Maman Eulalie, muuza samaki wa soko la Kadutu. Papa Zihindula alipofika ukurasa wa siku soko lilipoungua, maman alimkatiza.

“Hapana, papa! Umeandika nililia. Sikulia, nilitukana. Ukiacha vile, nakataa.”

“Ulitukana namna gani, maman?”

Akayataja matusi yote. Papa Zihindula alicheka hadi miwani ikaanguka, kisha akaandika upya.

“Sasa huyo iko mimi,” alisema maman. “Weka. Lakini weka kwa rafu ya chini, bajukuu bangu iko bafupi, bafikie.”