Kaseti ya Mbuzi na Mama Mkwe

Ile siku ya mvua pale Nanyala haijanitoka, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona. Ulikuwa umekaa kibarazani kwenu unasikiliza kitu cha ajabu kwenye simu, uso unang'aa. Wenzako walipotokea ukakizima haraka, ukaweka wimbo ule unaopigwa na kila bodaboda. Nilinyamaza. Sasa nasema.

Mimi unanijua. Shule niliachia darasa la tano, lakini malori yangu yanafika Lubumbashi, na ukishuka stendi ya Tunduma ukitaja jina langu hata mtoto atakuleta mpaka mlangoni. Hakuna aliyenishika mkono. Kabla ya malori nilikuwa na pikapu moja kuukuu, na kabla ya pikapu nilikuwa nauza chai na maandazi kwenye foleni ya malori mpakani. Foleni ile ndiyo iliyonifundisha muziki. Dereva amekaa siku nyingi anangoja kuvuka, hana la kufanya, anasikiliza kaseti zake. Nami namsalimu "Mulishani", namimina chai, namuuliza: una kaseti gani ambayo hata kwenu hawaitaki? Hapo wanacheka, wanapekua chini ya kiti.

Nilipata vitu, mwanangu. Kwaya ya vibibi wanaoimba polepole kabisa, huku kinanda cha umeme nyuma yao kinakimbia kama kimefukuzwa na nyuki. Bwana mmoja anayepiga msumeno kwa upinde, nao unalia kama mjane. Nyimbo za Krismasi kwa kengele za ng'ombe. Nyingine hazikuwa na jalada wala jina. Unaitumbukiza redioni hujui kitatoka nini, na ule mkwaruzo mdogo kabla sauti haijaanza, moyo unakudunda. Nakwambia kweli, nimenunua lori jipya kabisa na sikusikia raha ile. Rafiki zangu walisema masikio yangu nimeazima. Nikawa nasikiliza nikiwa peke yangu barabarani.

Basi wakati huo nilikuwa nimeposa kwa watu wa Mbozi Mission, wakulima wa kahawa. Binti aliitwa Eliza. Nilimpenda mpaka nikifika njia panda ya kwao gari lilikuwa linapunguza mwendo lenyewe. Lakini kulikuwa na mposaji mwingine, bwana wa duka la dawa Vwawa, suruali imenyooka, anaongea kwa kituo. Jibu lingetolewa Jumapili baada ya ibada. Baba mtu alishasema, mama akiamua yeye hana neno. Na mama mtu alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke ambaye watu walisema hawajawahi kuona meno yake. Juu yangu alishasema neno moja tu: "Wa mpakani yule."

Tena ujue, kwetu huku milimani, kwa waliokuwa wameshika mila, ukishaposa wewe na mama mkwe hamtazamani usoni wala hamsemezani. Mkikutana njiani, mmoja anapotelea kwenye migomba. Siku hizi mnakaa sofa moja mnaangalia tamthilia. Sawa, ni zama zenu.

Jumamosi ile narudi kutoka kushusha viazi Mbeya, pikapu tupu, mvua inamwagika. Nanyala nakuta kwaya nzima ya akina mama pembeni ya barabara, gari lao limevunjika ekseli. Nikasimama. Wakapanda nyuma, wakajifunika turubai. Akabaki mmoja, khanga imemfunika mpaka machoni. Nikamjua.

"Dada, panda mbele," mwenzake akamwambia. "Kwa goti hilo huku huwezi."

"Mbele kuna huyo."

"Basi baki na nimonia yako hapo. Sisi tunakwenda."

Akapanda. Akageukia dirisha lake, mimi nikakaza macho barabarani. Na redio ile nilikuwa nimeifunga mwenyewe, kwa akili yangu, nikaiunganisha na swichi ya gari. Gari likiwaka nayo inawaka, na kitufe cha kuzimia kilishang'oka zamani. Ndani kulikuwa na kaseti niliyopewa asubuhi ya juzi yake na dereva mmoja, nami nilikuwa nimeshaisikiliza njia nzima ya kwenda.

Nikawasha gari. Bwana wa kwenye kaseti akaanza kuimba, lugha siijui, wimbo wa huzuni inayotoka tumboni. Anapanda, anapanda, akifika juu sauti inamkatika. Hapo anaingia mbuzi. Mbuzi kabisa, analia mee, tena kwenye noti ile ile aliyoshindwa mwenyewe, anaimaliza. Bwana anashukuru, anaanza ubeti wa pili.

Jasho lilinitoka na baridi ile. Nikamwona Eliza anakwenda Vwawa. Mbuzi akaingia mara nyingine. Kwa pembe ya jicho nikaona khanga inatikisika. Nikajua analia kwa hasira. Kisha nikasikia sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka. Mama wa watu alikuwa anacheka.

Alipopata pumzi akasema, amekigeukia kioo: "We gari, mwambie mwenyewe arudishe pale mbuzi alipoingia."

Na mimi nikauambia usukani: "Gari, mwambie mama kaseti hairudi nyuma, mpaka iishe upande."

"Basi gari liende polepole."

Tukaenda polepole. Wa nyuma walikuwa wanagonga bodi wakiuliza kuna nini. Hatukuwajibu.

Tulipofika kwao nikaingiwa na woga. Nikasema: "Gari, mwambie mama anisamehe. Kaseti hii si yangu, kuna dereva kaisahau."

Akashika kitasa cha mlango. Kisha akasema taratibu: "Gari, mwambie huyo kijana kidole chake kilikuwa kinagonga usukani kabla mbuzi hajaingia. Anaijua hiyo kama mimi ninavyojua zaburi. Sasa kama anaruka kitu kinachomfurahisha kwa sababu kuna mtu, siku watu wakimcheka binti yangu naye si atamruka?"

Mwanangu, maneno yale yalinipata hapa kifuani.

"Gari, mwambie ni yangu. Ninazo boksi zima."

"Za mbuzi?"

"Mbuzi ni hii tu. Kuna ya msumeno."

Akashuka akichechemea, khanga kichwani.

Jumapili jioni mshenga wangu, Mzee Sichalwe, akarudi na majibu. Baba mtu na wajomba wote walikuwa upande wa dawa. Mama akasema: yule wa dukani ni mtu mzuri, ila sijaona anachokipenda. Huyu nimeona. Mpeni. Na Eliza ndiye huyo anayekukaripia ukiingia kwangu na viatu vya tope.

Kwa hiyo sikiliza. Simu yako inakuchagulia kile kile inachowachagulia wote. Usiiachie. Pekua mwenyewe, waulize wageni, waulize wazee, fungua kile ambacho hakuna aliyekisifia. Kikikukosha, usingoje mtu akupe ruhusa ya kukipenda, na watu wakiingia usikizime. Wengine watakucheka, wacha wacheke. Atakayekuuliza "hiki ni nini?" akavuta kiti, huyo mshike.

Mungu akupe masikio yasiyozeeka na riziki isiyokatika, akupe na nyumba ambayo mtu akipita nje atasimama kidogo, ajiulize humo ndani kunapigwa nini.