Chupa za Sukre za Mama Mukubwa

Kuna siku huwa zinanirudia kama ndoto, mwanangu. Volkano ilikuwa imepita Goma, nasi tukajenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lake jeusi, lililokuwa bado na moto ndani, pale Mabanga. Mvua ikinyesha, mvuke mweupe ulipanda kutoka chini ya kitanda cha Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, hata uso wake ukafifia. Nilikuwa msichana. Niliogopa kwamba mvuke ukiisha nitakuta kitanda kitupu.

Alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Daktari alitaka kumpasua upesi, maana waasi walikuwa wanaukaribia mji, na hakuna aliyejua hospitali itabaki wazi mpaka lini. Lakini kila asubuhi tukimpeleka wamtoboe kidole, sukari ya damu iko juu.

"Nikimupasua hivi, kidonda kitakataa kupona," alituambia. "Mushushe sukari kwanza."

Dawa alimeza, chakula alikula kidogo, na sukari haikushuka. Ajabu gani hii!

Unajua desturi yetu: huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Watu wa Murara, watu wa Kyeshero, kila mmoja alikuja na chupa yake ya sukre, ile soda ya machungwa, tamu hadi meno yanauma. Nilizifungua kwa furaha, nikamshikia mdomoni apate nguvu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sivyo? Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Bibi, aliyemzaa Mama Mukubwa na mama yangu, alikuwa kwenye kona na tasbihi yake. Akainuka, akaninyang'anya chupa.

"Weye mutoto! Daktari anashusha, weye unapandisha? Huyu unamupenda, ao unaogopa midomo ya watu?"

"Bibi, tukikataa zawadi watasema tunaringa."

"Nani amesema tukatae?"

Tangu hapo alipokea kila chupa kwa shukrani na dua, akaimimina kwenye vikombe, akawanywesha wageni wenyewe! Mama Mukubwa akapewa maji. Wee, watu walinung'unika. Mmoja alimwita Bibi mchoyo, naye akamjazia kikombe tena.

Sukari ya Mama Mukubwa ikashuka. Akapasuliwa huku bunduki zikisikika nyuma ya vilima, na kidonda kikafunga. Aliishi hadi akakubeba wewe mgongoni.

Sisemi sukari ndiyo ilileta kansa, wala kwamba kila anayeishusha hupona. Hayo anajua Mungu. Ila nenda ukapimwe mapema, mwanangu, usione haya, maana mficha maradhi kilio kitamuumbua. Ukiwa kwenye matibabu, muulize daktari na habari ya sukari yako. Na ukienda kumwona mgonjwa, uliza kwanza anaruhusiwa nini.

Mungu akupe afya. Na siku ukiugua, akuweke karibu na mtu anayekupenda hadi akunyang'anye chupa mkononi.